Shati Lililofukizwa Udi

Siku inayonirudia kila ninapomwona kijana anapekua simu ya mwenzake, mwanangu, ni Jumamosi moja ya kiangazi pale mjini kwetu Masoko, uwanja wa mpira ulipojaa watu waliokuja kutazama wazima moto na askari wakipanda ng'ombe. Wakati huo nilikuwa muuguzi kijana, sijaolewa, nakaa kwa kaka yangu Bakari na mkewe Mwanaidi. Kaka alikuwa askari wa zimamoto. Kabla ya adhuhuri alikuwa amelala mavumbini, pumzi inamkatika, na mimi nimepiga magoti kando yake. Nitakusimulia kwa utaratibu, maana utaratibu ndio uliotuponyoka siku zile.

Huenda hujawahi kuona mashindano ya namna hiyo. Sisi watu wa pwani ng'ombe tulimjua buchani. Wafugaji walipoingia wilayani na mifugo yao, wakakaa kule ndani upande wa Njinjo, tuliwatazama kwa jicho la pembeni. Wakulima walilalamikia mashamba yao. Sisi wa mjini tulilalamika kwa sababu wengine wanalalamika.

Wazo lilikuwa la mkuu wa kikosi cha kaka, aliyehamishiwa kwetu kutoka Kanda ya Ziwa. Askari wake mmoja, Nassoro, alikuwa amefariki akivusha watu kwenye mafuriko, akamwacha mjane na watoto katika nyumba iliyosimama kuta tupu. Mkuu akasema watu wote wa huduma za dharura washindane kupanda ng'ombe: zimamoto, polisi wa barabarani, na sisi wa gari la wagonjwa. Wake na watoto watakuwa na michezo yao ya kufukuza ndama. Kila anayeingia uwanjani atatoa alichonacho, bati au misumari au fedha, ili nyumba ya mjane iezekwe. Mfugaji mmoja wa Njinjo, Mzee Luhende, akakubali kuazima mafahali wake. Kila kikosi kilipewa fahali wake mapema na mpandaji akaambiwa aende kumzoea, jambo ambalo sisi nyumbani tulikuja kulijua baadaye.

"Anaazima bure?" Mwanaidi aliuliza siku tuliposikia habari hizo. "Mtu hajui hata majina yetu, anatoa mafahali bure? Kuna kitu anakitaka."

Nami nilikubali kwamba kuna kitu. Hatukujua ni kitu gani, na kutojua huko ndiko kulikotupa uhakika.

Zimamoto walimchagua Bakari. Marehemu Nassoro alikuwa rafiki yake tangu shuleni; angekataaje? Alirudi nyumbani akasema, "Wamenichagua," kisha akala chakula chake. Sikulitilia maanani neno hilo. Nililitilia maanani baadaye.

Wiki hazikupita nyingi, Mwanaidi akaniita uani. "Wifi, kaka yako jana alikuwa wapi?"

"Si alikuwa zamu?"

"Zamu gani ya kurudi na udongo mwekundu? Hapa kwetu mchanga. Nenda katazame pikipiki yake."

Nikaenda kutazama. Matairi yalikuwa mekundu mpaka kwenye chuma.

Mimi, mwanangu, nina jicho. Kazini walinisifia kwa hilo. Daktari akiuliza mgonjwa wa dirishani ameamkaje, namweleza amekula nini, ametapika mara ngapi, na mkono gani anaulalia. Mwanaidi akaligeuza jicho hilo kuwa kazi ya nyumbani. Kila jioni nilimletea ripoti.

Niliripoti kwamba viganja vya Bakari vina michubuko ya kamba. Mwanaidi akamwuliza wakati wa kula, "Nyinyi si mnatumia mipira ya maji? Kamba ya nini?" Akajibu, "Mazoezi ya kuokoa," bila kuinua macho kwenye sahani. Niliripoti kwamba siku aliyosema yuko zamu, mwenzake wa kikosini alinisimamisha sokoni akaniuliza, "Bakari yuko wapi? Simu yake haipatikani." Niliripoti harufu ya maziwa kwenye begi lake. Kisha Mwanaidi mwenyewe akakuta ndani ya begi hilo kibuyu kidogo cha maziwa ya mgando, shingoni kimevishwa shanga.

Alikiweka katikati ya mkeka, tukakitazama kama watu waliookota kitu cha mwizi.

"Haya, wewe umesoma," akasema. "Kibuyu cha shanga anapewa mpita njia?"

"Labda amekinunua."

"Shanga hizi zimetungwa na mtu mwenye nafasi, wifi. Mtu aliyekaa akafikiri."

Basi Alhamisi ya wiki ya mashindano tukapelekwa Njinjo na huduma ya mkoba, kuchanja watoto. Gari letu likapita kando ya boma la wafugaji, limezungushiwa miiba. Mbele ya boma nikamwona kaka yangu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, amevaa shati lake kuukuu la buluu, na mbele yake amesimama msichana mrefu, ana kibuyu mkononi. Walikuwa wanacheka wote wawili. Bakari alikuwa amerusha kichwa nyuma kwa kicheko.

Dereva wetu akapunguza mwendo. "Somoe, yule si kaka yako? Nisimame umsalimie?"

"Twende," nikasema. "Chanjo zitapata joto."

Chanjo zilikuwa ndani ya sanduku la barafu. Zingestahimili mpaka jioni. Mimi sikutaka kuonwa. Nilitaka kuona tu, nirudi na nilichokiona kikiwa kizima, hakijaguswa na maelezo ya mtu.

Nikampelekea Mwanaidi. Nilimweleza kigoda, shati, msichana, kibuyu. Sikuongeza hata neno. Aliniuliza swali moja.

"Alikuwa anacheka?"

"Alikuwa anacheka."

"Hapa ndani mara ya mwisho kucheka lini?"

Sikukumbuka. Na mimi hukumbuka kila kitu.

Mwanaidi hakulia. Asubuhi, Bakari alipokwenda zamu, alitoka uani akaanza kupekua, akalikuta lile shati la buluu nyuma ya pipa la maji, limefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Lilikuwa limekakamaa kwa jasho, lina manyoya ya mnyama na madoa ya maziwa, na harufu yake ilitufanya tugeuze nyuso.

"Shati gani mtu analificha wala halifui?" akasema. "Harufu ya huko ndiyo anayoitaka. Haya, nitamrudishia likiwa na harufu ya nyumbani kwake."

Akalifua kwa sabuni ya unga, akalisuuza mpaka maji yakatoka meupe. Lilipokauka akawasha mkaa, akatia udi kwenye chetezo, mimi nikamshikia shati juu ya moshi. Kwetu pwani, mwanangu, nguo ya mume iliyofukizwa udi ni maneno kamili. Inasema huyu ana nyumba, na nyumbani anatunzwa. Alipomaliza udi akanyunyizia marashi kwenye kola na kwapani, akalikunja, akalirudisha kwenye mfuko uleule nyuma ya pipa.

"Siku ya mashindano atalivaa," akasema. "Na huyo mwanamke atakuja na ng'ombe wao. Akimkaribia tu, atajua shati lina mwenyewe."

Tulicheka. Nilimwambia ana akili ya kipolisi.

Jumamosi ikafika. Mafahali waliletwa na lori, wakafungwa nyuma ya goli. Mabati ya kuchangia yalipangwa kando ya meza ya mkuu wa kikosi. Mimi nilikuwa chini ya turubai la huduma ya kwanza pamoja na Sista Anjela, muuguzi mkuu wetu, Mmakonde wa kutoka upande wa bara wa Lindi, aliyebakiza muda mfupi kustaafu. Mwanaidi alikaa upande wa pili wa kamba, amejitanda kanga mpya, macho yake hayatulii.

Sheria ilikuwa hivi: wachungaji wanamshika fahali kwa kamba, mpandaji anamsogelea na kumpanda, kamba inaachiwa, naye anatakiwa kukaa juu mpaka fahali afike kwenye bendera upande wa pili.

Akatangulia askari wa barabarani, mtu mnene, mkali, anayejulikana kwa faini. Fahali wake akatoka mbio, naye akamng'ang'ania nundu kama anayedai haki yake.

"Mwandikie, Afande!" watu wakapiga kelele. "Kapita mwendo kasi huyo!"

"Hana hata leseni!"

Akafika kwenye bendera ndipo akaanguka, akasimama, akapiga saluti. Uwanja ukalipuka. Akafuata dereva wa gari letu la wagonjwa, na kabla hajakaa vizuri akawa chini. "Washa king'ora!" mtu akamwambia. "Jibebe mwenyewe!"

Kisha wakamleta fahali wa zimamoto, mwekundu, ana baka jeupe kwenye paji la uso. Aliyetangulia kumwongoza alikuwa yule msichana mrefu wa Njinjo. Nilimjua mara moja. Nyuma yake alikuja kijana wa kiume ameshika kamba. Nikageuka kumtazama Mwanaidi, naye alikuwa ananitazama mimi. Nikatikisa kichwa kumkubalia: ndiye.

Bakari akashuka kwenye gari la zimamoto, alikokuwa amejifungia kubadilisha nguo, amevaa shati la buluu. Nilimwona akiinua kola, akainusa. Akasimama. Akautafuta uso wa mkewe katika umati mpaka akaupata, akautazama kwa muda. Nikajisemea, amejijua ameshikwa.

Akamsogelea fahali taratibu, amenyoosha mkono, anaongea maneno ya chini. Fahali akanyoosha shingo kumpokea, akanusa. Hapohapo akapuliza pua kwa nguvu, akarudi nyuma, akamtolea macho. Bakari akasimama, akajaribu tena. Fahali akainamisha kichwa.

Yule msichana akapaza sauti, "Vua shati! Bakari, livue shati hilo!"

Uwanja mzima ulimsikia. Mwanaidi akaruka kamba akanijia. "Umesikia, wifi? Hadharani! Anamvua nguo mume wangu hadharani!"

"Vua, nakuambia!" msichana akarudia.

Bakari alimsikia. Nilimwona ameshika kifungo cha juu. Kisha akakiacha, akamrukia fahali mgongoni hivyohivyo.

Kamba haikuwahi hata kuachiwa. Ilimponyoka yule kijana aliyeishika. Fahali alijirusha, akageuka, akajirusha tena. Bakari akaangukia bega, na kwato moja ikamkanyaga kifuani kabla wachungaji hawajamkamata mnyama. Hakuna aliyetania.

Nilipofika Sista Anjela alikuwa tayari magotini. Mtulinga wa kaka, ule mfupa wa begani, ulikuwa umevunjika, unaonekana chini ya ngozi, na kila alipovuta pumzi uso ulimkunjamana. Mimi nikaanza kufungua mkoba wa bendeji bila kujua natafuta nini. Sista hakugusa chochote. Aliinama karibu na sikio lake.

"Unaumwa wapi, mwanangu?"

Bakari akahema. "Naogopa, Sista," akasema. "Nilikuwa naogopa tangu siku waliyonichagua."

Yule msichana akafika mbio, kijana wa kamba nyuma yake. Aliitwa Kulwa, binti wa Mzee Luhende, na kijana yule alikuwa Maganga, mumewe. Kulwa alikuwa analia kwa hasira.

"Nani amelifua shati? Nilimwambia asilifue! Huyu ng'ombe nimemlea mimi kwa mkono, mama yake alikufa. Yeye hamjui mtu kwa sura, anamjua kwa harufu. Tumemvalisha kaka shati moja kila anapokuja, tumelipaka maziwa na jasho la huyohuyo ng'ombe, mpaka wakazoeana, mpaka anamlalia mapajani. Leo amekuja ananukia kama bibi harusi! Ng'ombe atamjuaje?"

Nilimtazama Mwanaidi. Kanga ilikuwa imemwanguka mabegani na hakuiokota.

Tulimpeleka hospitali. Walipomaliza kumfunga mkono na kutuambia mbavu mbili zimepata ufa lakini pafu ni zima, Sista Anjela akaniita kwenye benchi la nje. Dereva wetu alikuwa amekwisha kumweleza habari ya Njinjo, na mengine nilikuwa nimemwungamia mimi mwenyewe njiani.

"Somoe, mgonjwa akiletwa, unaanza na nini?"

"Kumsikiliza, Sista."

"Na kama jirani yake amekwisha kukuambia ni malaria?"

"Namwuliza yeye mwenyewe."

"Basi sikiliza. Kaka yako umempima matairi, umempima viganja, umempima shati. Vipimo vyako vyote ni sahihi, sina ugomvi navyo. Ila mmempa dawa kabla hajafungua mdomo." Akaendelea kwa sauti ileile. "Dereva alitaka kusimama. Kutoka kwenye lile gari mpaka kwenye kile kigoda ni hatua chache sana. Ungeteremka, ungesalimia, ungeletewa na wewe kibuyu. Ungemwona fahali nyuma ya miiba, na mume wa yule binti amemshika kamba. Ulichokiona ni kweli. Ulichokiacha ndicho kilichomkanyaga."

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Aliinuka akarudi wodini, maana kulikuwa na wagonjwa wengine.

Nilipoingia, Mwanaidi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha mumewe.

"Kwa nini hukuniambia?" alimwuliza.

"Ningesema nini? Mzima moto anaogopa ng'ombe? Ungemwambia mama yangu, naye angekuja kunikataza mbele ya kikosi. Na mjane wa Nassoro angesikia."

"Kwa hiyo ukadanganya uko zamu."

"Nikadanganya. Na wewe kwa nini hukuniuliza?"

Mwanaidi akavuta shuka, akamfunika miguu. Akauliza lingine, kwa sauti ndogo. "Kulwa alikuambia uvue. Ulimsikia. Kwa nini hukuvua?"

Bakari akageuza uso ukutani. "Nilipolivaa nikasikia udi. Nikasema, kumbe Mwanaidi alikuwa anajua muda wote. Kumbe amelikuta, akanyamaza, akanifukizia kunitakia heri. Nikaona nikilivua mbele ya watu nitakuwa nimemvunjia heshima."

Hapo ndipo Mwanaidi alipolia. Nilitoka nje, kwa sababu kulikuwa na jambo moja ambalo jicho langu halikuwa na haki ya kuliona.

Nyumba ya mjane iliezekwa. Polisi wa barabarani walichukua kombe, na yule afande hakuacha kulitaja mpaka alipohamishwa. Bakari alipona, lakini bega lake moja limeinama hadi leo; ndoo ya maji anaibeba kwa mkono wa kushoto. Kulwa akawa mtu wa nyumbani kwetu. Kila anapokuja mjini husimama mlangoni na kupiga hodi kwa sauti kubwa: "Mwanaidi, nimefika, washa chetezo!" Mwanaidi humjibu, "Ingia, mwizi wa waume!" na wote wawili hucheka. Bakari hucheka pia, akishika bega.

Sasa nikuambie kwa nini nimekusimulia haya. Sikuambii usishuku. Mwanaidi hakuwa mwendawazimu: mume alidanganya, matairi yalikuwa mekundu, kibuyu kilikuwa na shanga. Mimi mwenyewe ni mtu wa kushuku hadi leo. Fundi akiniambia paa halivuji nasubiri mvua ndipo nimlipe. Jicho kali ni kitu kizuri, usilifumbe. Lakini ukiona jambo la mtu wako, simamisha gari na uteremke. Msogelee, mwamkie, mwulize yeye mwenyewe kabla hujamwuliza jirani, na kabla hujampelekea mtu mwingine ripoti. Huenda jibu likawa baya. Basi utakuwa umelipata kutoka kwa mwenyewe, na utajua la kufanya. Siku hizi hamna haja ya kunusa mashati, mnazo simu za kupekua. Lakini simu nayo itakuonyesha kigoda na kicheko tu, haitakuonyesha kilichoko nyuma ya miiba.

Na wewe unayeficha, hata kama unachokificha ni woga wako tu na si dhambi, mwambie anayelala kando yako. Usimwachie akutafute kwa harufu.

Haya, mwanangu, nenda salama. Mola akujalie macho yanayoona, na miguu inayoutangulia ulimi. Akupe mwenza ambaye unaweza kumwambia naogopa, akakusogezea kiti. Na siku utakapofukiziwa nguo udi nyumbani kwako, iwe kwa heri tupu, na uivae kwenda mahali ambapo utajulikana.